Tupeane uzoefu: uliyemwagilia alizeti, ufuta au karanga kwa maji ya chumvi, yalikukuta yapi?

Mwana Bahi: Wakuu, leo nimepita kwa jirani. Kisima kipya, pampu ya sola mpya, alizeti zimeungua kingo za majani na juu ya matuta kuna unga mweupe. Waliopitia haya waje, kuna watu wanataka kuchimba visima huku.

Binti Karanga: Karanga zangu usiniulize. Kichaka kibichi, chini maganda matupu.

Mama Singida: Mimi nipo jirani na Ziwa Singidani, lile la maji ya chumvi, kwa hiyo mnajua tayari. Mchimbaji alionja maji akasema, "Haya ng'ombe anakunywa, alizeti itashindwaje?" Mbegu ziliota mabakamabaka. Zilizoota zikadumaa. Kijana wa shamba akiona zimenyauka anaongeza maji kidogokidogo kila jioni, jua linakausha maji, chumvi inabaki palepale. Sasa usiku mmoja nasikia kengele. Natoka na tochi: ng'ombe kundi zima shambani, na hawali alizeti! Wanalamba matuta. Mchungaji ametulia kabisa, "Shikamoo mama, hapa kwako pana magadi mazuri kuliko kwetu." Asubuhi tuko kwa mtendaji wa kijiji. Mimi nadai fidia ya mimea, mchungaji anauliza mimea ipi. Mtendaji akaja shambani mwenyewe, akachota udongo, akaonja, akacheka mpaka akakaa chini.

Kajamba Nani: Ng'ombe ndio mabwana shamba wa kweli 😂😂

Binti Karanga: Fidia ulipata dada?

Mpima Udongo: Tucheke, ila maji yapimwe EC, yaani yanavyopitisha umeme, ndiyo inaonyesha wingi wa chumvi, kabla ya kununua pampu. Chini ya 0.7 dS/m (kizio cha EC) lima kwa amani. Kati ya 0.7 na 3 uwe na akili. Zaidi ya 3, mazao mengi yanaumia. Kwa upande wa EC ya udongo wenyewe, karanga zinaanza kupunguza mavuno kwenye 3.2, ukikaribia 5 nusu imeondoka. Alizeti inavumilia mpaka kama 4.8, kisha kila namba moja inayoongezeka inakula kama asilimia 5. Mafuta ndani ya mbegu hayapungui sana, ni kichwa kinachobeba mbegu chache. Ufuta ndio dhaifu.

Mzee wa Lindi: Ufuta dhaifu? Mimi nalima ufuta miaka yote, haujawahi kunisumbua.

Mpima Udongo: Mzee wangu, Lindi unalima kwa mvua. Kisima cha chumvi ulimwagilia lini?

Mzee wa Lindi: Ninyi wa vipimo jembe hamlijui.

Mwana Bahi: Jamani, turudi kwenye dawa.

Mkulima Kiangazi: Weka jasi, imeisha hiyo.

Mpima Udongo: Jasi ni ya udongo wenye sodiamu nyingi, ule unaoziba na kugoma kupitisha maji. Chumvi ya kawaida inashushwa na maji mengi kwa mara moja, yapite chini ya mizizi.

Kajamba Nani: Yaani maji ya chumvi yaondoe chumvi? Haya.

Mpima Udongo: Ndiyo, alimradi udongo unapitisha na maji yana pa kwenda. Vijimaji vya kila jioni ndivyo vinavyorundika.

Mama Mbegu: Mimi napanda ubavuni mwa tuta. Kileleni ndiko chumvi inakokusanyika, mbegu inafia humo. Na samadi nyingi.

Mkulima Kiangazi: Samadi ya zizi kavu nayo ina chumvi yake, angalia.

Mtu wa Matone: Wenye mipira ya matone, rasharasha ikianza msifunge maji. Chumvi iliyosukumwa pembeni inarudishwa na mvua kwenye mizizi.

Mzee wa Lindi: Fugeni.

Binti Karanga: Mama Singida, fidia!

Mama Singida: Nilipewa beberu mmoja. Na mchungaji akauliza kama mwakani nitamwagilia tena.

Mwana Bahi: Kipimo cha EC hapa Dodoma mjini nani anacho? Jirani yangu anataka kuongeza kisima cha pili.