Naomba ushauri: viroboto ndani ya nyumba, kuna paka mdogo na mtoto anayetambaa

MamaUmoja: Habari wadau. Nyumba ni ya chumba kimoja na sebule, ina zulia. Paka ana miezi 5. Sitaki kupuliza dawa kali. Nimeshauriwa mafuta ya mti wa chai, kitunguu saumu kwenye chakula chake na unga wa pareto. Nianzie wapi?

Sakafu_Safi: Anzia sakafuni, dada. Hao unaowaona kwa paka ni wachache tu. Jike mmoja hutaga hata mayai 40 kwa siku, na hayashiki kwenye manyoya, huanguka anapolala paka. Toa zulia nje, likung'ute, lianike juani pande zote mbili. Matandiko yake yafuliwe kila wiki kwa maji ya nyuzi 60 au zaidi. Fagia chini ya kochi na kwenye nyufa kila siku, taka zifungwe kwenye mfuko na zitoke nje papo hapo. Wakizuka tena wiki ya tatu usikate tamaa: hao walikuwa pupa, yaani hatua kati ya buu na kiroboto mzima, ndani ya vifuko vyao, ambavyo hata dawa haipenyi vizuri. Endelea kufagia.

Daktari_wa_Wanyama: Tafadhali acha hayo mafuta. Ini la paka haliwezi kuyavunja, naye hujilamba. Ataanza kuyumba na kutetemeka. Kitunguu saumu huharibu chembe nyekundu za damu yake. Pareto yetu ya Nakuru na Nyandarua ni ua la kweli, lakini pakiti nyingi zenye picha ya ua hilo zina permethrini, dawa ya kiwandani inayoiga pareto, na hiyo huua paka. Soma maandishi madogo. Dawa ya kuogeshea ng'ombe pia isimguse.

Tumia kitana cha meno yaliyobanana, kuanzia shingoni hadi shina la mkia, ukikichovya kwenye maji yenye sabuni ya vyombo. Bila sabuni kiroboto huelea na kuruka tena. Mtazame ufizi: ukiwa mweupe amepungukiwa damu, mpeleke kliniki leo. Huko apimwe uzito apewe matone ya shingoni ya paka, pamoja na dawa ya minyoo, maana kiroboto hubeba tegu.

MamaUmoja: Asante daktari. Na ule unga mweupe wa machimbo ya Kariandusi, kule Gilgil?

Sakafu_Safi: Hiyo ni diatomaiti, unga wa mabaki ya mwani wadogo wa kale. Hukwangua nta ya ngozi ya mdudu akakauka. Nunua ule usiochomwa, wa daraja la chakula. Uliochomwa kwa ajili ya vichujio unadhuru mapafu. Kwako upake kwenye nyufa na nyuma ya kabati tu, tabaka jembamba, kwa sababu rundo mdudu hulizunguka. Funika pua, mtoto na paka watoke hadi vumbi litulie. Usipige deki hapo, ukilowa haufanyi kazi. Paka usimpake.

Usiku weka sahani ya maji yenye sabuni sakafuni chini ya taa, mahali mtoto hafiki. Haitawamaliza, ila asubuhi itakuonyesha ni chumba kipi bado wamejaa.