Je, mfupa unaweza kufa kwa mtu aliyekwisha kubadilishiwa nyonga?

Mwulizaji, Kongwa
Habari zenu, wanajukwaa. Mama yangu alivunjika shingo ya mfupa wa paja, akafanyiwa upasuaji wa nyonga, akatembea vizuri hadi mavuno ya mtama ya msimu huu. Sasa kila anapoinuka kwenye kigoda kinena humuuma na hatua za kwanza huchechemea. Tabibu wa kituo chetu cha afya ametazama eksirei akasema huenda mfupa umekufa. Nilidhani aliyebadilishiwa nyonga hapatwi na jambo hilo.

Muuguzi wa Mifupa
Pole kwa kuuguza. Hakikisha kwanza ni upasuaji gani aliofanyiwa. Kama alifungwa skrubu, kichwa cha mfupa wa paja (ile ncha ya mviringo inayokaa ndani ya nyonga) bado ni chake, na mishipa inayokipelekea damu hupita kandokando ya shingo iliyovunjika. Ikiharibika, kichwa hufa polepole na kuporomoka, pengine mwaka mmoja au miwili baadaye. Kama aliwekewa kiungo bandia, kichwa hicho kiliondolewa palepale mezani. Kinachoonekana kuzunguka chuma kwa kawaida ni mfupa unaoliwa: plastiki ya kikombe ambamo kichwa bandia huzunguka husagika, mwili hushambulia chembechembe zake, na mfupa wa jirani huyeyuka hadi kiungo kinalegea.

Mkazi wa Mpwapwa
Kwetu ilikuwa kinyume. Mdogo wangu ana selimundu, kichwa cha nyonga kikafa bila kuvunjika popote, na ndiyo sababu akawekewa kiungo bandia.

Muuguzi wa Mifupa
Naam, hilo ndilo tunalolikuta zaidi. Hata hivyo, ikiwa mama ana chuma mwilini, maambukizi yachunguzwe mapema, na asinunuliwe antibiotiki dukani kabla ya kupimwa damu na, ikibidi, kufyonzwa maji ya kiungo, kwani dawa hizo huweza kuwaficha vijidudu.

Mwulizaji, Kongwa
Nimepekua mfuko wa karatasi zake na kukuta fomu ya kuruhusiwa: imeandikwa skrubu. Jumatatu tunakwenda Dodoma mjini, kliniki ya mifupa.

Muuguzi wa Mifupa
Mbebe picha za zamani pamoja na hii mpya, maana daktari atazilinganisha. Kichwa kikiwa kimeporomoka, huenda akashauriwa kuondolewa skrubu na kuwekewa kiungo bandia. Kwa sasa ashike mkongojo kwa mkono wa upande wa mguu mzima. Wengi huushika upande unaouma, na nyonga huendelea kubeba mzigo ule ule.