Kocha amfuate kwotabeki chipukizi, au chipukizi amfuate kocha?

Mkaazi wa Landover:

Wakuu, naleta hoja ambayo imenikosanisha na watu wengi huku Maryland tangu 2012, na kila drafti, ile zamu ya klabu kuchagua vijana wa vyuo, ikikaribia inafufuka. Klabu ikimchukua kwotabeki aliyetoka chuo juzi, nani amfuate mwenzake? Kocha aupinde mfumo wake wa kushambulia umkae kijana, au kijana akae chini akimeze kitabu cha mbinu cha kocha kama kilivyo?

Kwa wasiofuatilia soka la Marekani: kwotabeki ndiye anayeletewa mpira kila shambulio linapoanza. Ana sekunde mbili tatu za kuamua arushe pasi, ampe mkimbiaji, au akimbie mwenyewe, na muda wote huo majitu ya kilo 130 yanamjia. Akikosea yeye, imekosea timu.

Mimi nasema kocha ndiye apinde. Ushahidi wangu ni timu yetu ya Washington ya 2012. Klabu iliwapa Rams wa St. Louis nafasi za raundi ya kwanza za miaka mitatu, ikaongeza na moja ya raundi ya pili, ili impate Robert Griffin III wa chuo cha Baylor, namba mbili kwenye drafti. Kocha mkuu alikuwa Mike Shanahan, na mashambulizi yalipangwa na mwanawe, Kyle. Huyu Kyle alikuja na mfumo wake tayari, ule ambao mwaka 2009 kule Houston ulimfanya Matt Schaub aongoze ligi nzima kwa yadi za pasi, 4,770. Lakini Schaub hakuwa na mbio. Griffin alikuwa mwanariadha wa mbio za kuruka viunzi. Kocha mkaidi angemlazimisha awe Schaub.

Kyle alifanya hivi. Alimsimamisha Griffin yadi nne nyuma ya mtoa mpira, na mkimbiaji Alfred Morris nyuma yake. Mpira ukitoka, ukuta wa mbele unamwacha kwa makusudi mlinzi mmoja wa pembeni, hakuna anayemgusa. Griffin anauweka mpira tumboni mwa Morris, hajauachia bado, macho yote kwa yule mlinzi. Mlinzi akimvamia Morris, Griffin anauchomoa na kupita palepale mlinzi alipotoka. Mlinzi akitulia mahali pake, Morris anaondoka nao. Lolote atakalochagua, amekosea. Na wenzake walio nyuma, wakinusa tu harufu ya mbio, wanajongea hatua mbili mbele, na hapo ndipo pasi inapita juu ya vichwa vyao kwenda kwa mpokea pasi Pierre Garçon. Kijana haambiwi asome uwanja mzima kama mtu mwenye miaka kumi kazini. Anasoma mtu mmoja.

Mechi ya kwanza, ugenini New Orleans, tulishinda 40-32, na Garçon alipokea mpira mmoja akaenda nao yadi 88. Mpaka msimu wa kawaida unaisha Griffin alikuwa na pasi 20 za tachidauni (mpira kufikishwa mwisho wa uwanja, ndilo bao lao), tano tu zilizonaswa na wapinzani, na yadi 815 za miguu. Morris, mtu aliyeokotwa raundi ya sita, alikimbia yadi 1,613. Tulianza na ushindi tatu na vipigo sita, tukashinda saba mfululizo, tukatwaa ubingwa wa kundi letu mara ya kwanza tangu 1999.

Mwenye hoja tofauti karibu.

Kolts wa Zamani:

Mkuu, umetusimulia harusi, matanga umeyaacha nyumbani. Mbona hukufika Januari 2013? Griffin alivunjikia uwanjani kwenu, mechi ya kwanza ya mtoano, na msimu uliofuata mkamaliza 3-13, yaani ushindi tatu na vipigo kumi na tatu, baba na mwana Shanahan wakafungashiwa virago. Kwotabeki wenu aliwekwa benchi mechi tatu za mwisho. Huo ndio mfumo unaotuuzia?

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Peyton Manning, kwotabeki wetu wa Kolts wa Indianapolis, mwaka wake wa kwanza, 1998, alinaswa pasi 28 na timu ikaenda 3-13. Hakuna aliyemrahisishia kitabu. Mwaka wa pili timu ileile ikaenda 13-3, kwa sababu yale makosa 28 yalikuwa ada ya shule, na aliilipa mapema.

Na usiende mbali. Drafti ileile ya 2012, namba moja alikuwa Andrew Luck, tukamchukua sisi. Kocha Bruce Arians alimpa kazi ya watu wazima: simama, soma uwanja wote, rusha mbali. Alinaswa pasi 18, ndiyo. Lakini timu iliyokuwa 2-14 ikawa 11-5. Ninyi mlimpa mtoto baiskeli yenye magurudumu ya pembeni mkashangaa anavyokwenda kasi. Magurudumu yalipotolewa akaanguka.

Binti wa Baltimore:

Shikamooni wakubwa. Naomba niingie kati, maana wote wawili mnaongea kama mfumo ni nguo, aidha inakaa au haikai. Sisi huku tuliishona upya mara mbili.

Kwotabeki wetu Lamar Jackson alichukuliwa nafasi ya 32 mwaka 2018. Alikaa benchi mpaka mkongwe Joe Flacco alipoumia, akaanza mechi yake ya kwanza Novemba dhidi ya Cincinnati, na kwa siku moja tu mfumo mzima uligeuzwa. Alikimbia na mpira zaidi ya mara 25. Kwotabeki! Nilikuwa natazama nikiwa nimefumba jicho moja. Tukashinda, na mechi saba alizoanza za msimu wa kawaida tulishinda sita.

Kisha wakaja Chargers wa Los Angeles. Tulikuwa tumewapiga kwao kabla ya Krismasi. Siku kumi na tano baadaye tukakutana nao tena hapa nyumbani kwenye mtoano, nao wakawatoa walinzi wazito na kujaza uwanja walinzi wepesi saba, watu wenye mbio za kumkimbiza Lamar popote aendako. Kila mlango aliozoea kutokea alikuta mtu. Mashabiki wetu, wasio na haya, walimzomea wakitaka Flacco arudi. Tulifungwa 23-17.

Kwa hiyo Kolts wa Zamani ana haki nusu: mchezo mmoja ukisomwa, umekwisha. Lakini angalia kilichofuata. Klabu haikusema "haya sasa, kajifunze kuwa Flacco." Ilimpandisha Greg Roman awe mratibu wa mashambulizi, na majira yote ya joto ya 2019 wakajenga juu ya yale yale. Mbio zilibaki, ila nyuma yake ziliongezwa pasi ambazo hazikuwepo. Msimu ule Lamar alikimbia yadi 1,206 na kurusha tachidauni 36, nyingi kuliko mtu yeyote kwenye ligi. Tulikuwa 14-2, na kura za mchezaji bora zilikuwa zake zote, bila hata moja kupotea.

Hiyo ya magurudumu ya baiskeli, kaka, haiingii hapa.

Mpita Njia:

Mimi najua mpira ule wa Simba na Yanga tu, ila nimesoma mpaka hapa. Swali la mjinga: huyo kijana wa Washington, akiona majitu yanakuja, si alale chini tu?

Mkaazi wa Landover:

@Mpita Njia, hilo si swali la mjinga. Ndilo lililonikosesha usingizi.

Anaruhusiwa. Kwotabeki akikimbia kisha akateleza miguu mbele, shambulio linaishia palepale, na anayemgonga baada ya hapo anaadhibiwa. Griffin hilo lilimshinda. Huyo ni mtu aliyeruka viunzi maisha yake yote, amezoea kwenda juu, kwenda chini hajui. Nilikuwa namwona anajaribu kuteleza, anaishia kukaa nusu, kama mtu aliyevutiwa kiti.

Na hapa ndipo naomba Kolts wa Zamani anisikilize vizuri. Pigo la kwanza kubwa, la Oktoba dhidi ya Atlanta, lililomtikisa kichwa, lilitokea kwenye shambulio la pasi. Alikosa wa kumrushia karibu na mstari wa kufungia, akatoka mbio mwenyewe, hakuteleza, akagongwa. La pili, Desemba dhidi ya Baltimore, alipoangukiwa na Haloti Ngata na goti likapinda vibaya, lilikuwa vilevile: pasi iliyokosa mpokeaji, akakimbia. Ule mchezo wa kumsoma mlinzi mmoja, unaosema ndio uliomvunja, haukuhusika hata mara moja. Alivunjika pale mfumo ulipomwacha na akili yake.

Sasa matanga. Nakiri sikuyataja, na sababu nitaisema.

Januari 6, 2013, baba yangu alikuwa amekuja kutoka Tanga, wiki yake ya pili Marekani. Tulikuwa sebuleni, baridi nje, yeye amejifunga blanketi kama yuko Lushoto. Mchezo haujui. Robo ya kwanza Griffin akarusha pasi karibu na mstari wa Seattle, mguu ukaenda huku goti likienda kule, akaanguka. Akainuka. Tukafunga, ikawa 14-0. Mimi nashangilia. Baba ananiuliza: "Huyo kijana mbona anachechemea, na wakubwa zake wamesimama pale wanamtazama?" Nikamwambia ameshafungwa bendeji, ni mwanamume. Hakunijibu.

Tangu hapo Seattle walifunga pointi 24 peke yao. Griffin alikuwa akirusha bila kuukanyagia ule mguu, mtoto wa chekechea angeona. Robo ya nne, mpira ukatolewa vibaya, ukabingirika chini. Akainama kuuokota. Hakuna aliyemgusa. Goti likakataa lenyewe, akalala pale, na mpira ukachukuliwa.

Na benchi alikuwepo Kirk Cousins, kijana wa drafti ileile, raundi ya nne, ambaye wiki tatu tu nyuma alianzishwa ugenini Cleveland tukashinda 38-21. Siyo kwamba hakukuwa na mtu.

Basi hoja yangu nairekebisha, siifuti. Shanahan alipatia kitabu akakosea mtu. Aliupinda mfumo ukamkaa kijana vizuri mno hata akaona bila yeye hauendi, akamwacha uwanjani na mguu mmoja. Mwaka wa pili, ule ambao Lamar alijengewa juu ya msingi, Griffin aliutumia kufundishwa kutembea. Hakuwa na mazoezi ya majira ya joto kama wenzake. Utasemaje mfumo haukuweza kukua, wakati hakuna aliyepata nafasi ya kuukuza?

Na Luck wako, kaka. Mwaka ule wa kwanza aliangushwa mara 41 akisubiri pasi za mbali za Arians zifunguke. Msimu wa 2017 hakucheza hata mechi moja kwa ajili ya bega. Agosti 2019 akastaafu akiwa na miaka 29. Huyo alisoma uwanja mzima, alifuata kitabu cha watu wazima, na mwili ukaisha.

Kolts wa Zamani:

Hiyo ya Luck umenipiga pabaya. Siku ile nilikuwa kwenye gari, nikasimama kando ya barabara.

Lakini Luck hakuharibiwa na kitabu. Aliharibiwa na ukuta wa mbele ambao viongozi wetu walishindwa kuujenga miaka nenda rudi. Ukimpa kijana kazi ya watu wazima, mpe na ulinzi wa watu wazima. Kwenye kumtoa mtu aliyeumia, tuko pamoja, hata baba yako aliona. Kwenye kitabu, bado.

Binti wa Baltimore:

Na mbona hakuna aliyemtaja Jayden Daniels? Klabu ileile ya Washington, namba mbili ileile ya drafti, 2024. Mratibu Kliff Kingsbury alimpangia mashambulizi yanayofanana na aliyoyazoea chuoni kwake LSU: anasimama mbali na mtoa mpira, timu haikutani kwenye duara kila mara, anatazama benchi, anapata ishara, twende. Timu ya 4-13 ikawa 12-5 na kufika hatua moja kabla ya Super Bowl, fainali ya ligi. Akakimbia yadi 891, akaivunja rekodi ya Griffin ya chipukizi. Landover mlikuwa mnalala kweli?

Mkaazi wa Landover:

Hatukulala, dada. Ila mimi kila Daniels akitoka mbio nilikuwa natazama kitu kimoja tu: atateleza au hatateleza. Oktoba aliumia mbavu dhidi ya Carolina, akatolewa mapema, na mzee Marcus Mariota akaimaliza mechi. Baba alinipigia simu kutoka Tanga kesho yake, siku hizi naye anafuatilia. Akauliza, "Huyu mmemtoa?" Nikamwambia tumemtoa.

Kolts wa Zamani:

Haya. Basi nijibuni la Chicago. Caleb Williams, namba moja wa drafti hiyohiyo ya 2024, aliangushwa mara 68 msimu wake wa kwanza, na mratibu wa mashambulizi akafukuzwa Novemba, msimu haujaisha. Pale nani alikuwa anamfuata nani?