Eti "binti yetu wa kuchuma maua"! Anayejijua ajijue

Horombo_Juu (mwanzisha uzi)

Wakuu, naandika mikono ikinitetemeka. Nimetoka ukumbini sasa hivi, chakula chao sijagusa, na pilau ilikuwa inanukia mpaka barabarani.

Jina simtaji. Aliyewahi kufanya kazi ya mimea ya mlimani hapa nchini anamjua. Yule wa kizibao chenye mifuko mia, na hakuna hata mmoja wenye kalamu. Yule ambaye kila kikao lazima tusikie alivyoishi Ulaya.

Amesimama mbele ya watu wazima, wafadhili, wageni, watu wa hifadhi, akaninyooshea kidole: "Na yule pale nyuma ni binti yetu wa kuchuma maua."

Ukumbi mzima ukacheka.

KUCHUMA MAUA! Na slaidi iliyokuwa inawaka nyuma ya kichwa chake ni grafu yangu! Joto la usiku ndani ya lobelia, ule mmea mkubwa wa mlimani, nimelipima mimi, nimelichora mimi!

Wasiojua kazi yetu wasikie. Horombo, ile kambi ya Mlima Kilimanjaro, ni mita 3,720, na sisi tunafanya kazi juu ya hapo. Mchana jua linakubabua mpaka pua inachunika ngozi, usiku chupa ya maji inaganda ndani ya hema. Hedberg, yule mtaalamu wa mimea Mswidi, alishalisema zamani: kiangazi kila mchana, kipupwe kila usiku. *Lobelia deckenii* ikifika jioni inakunja majani kulinda chipukizi lake, na yale maji yaliyotuama katikati yanaganda juu tu, chini yanabaki maji. Sasa ili upate vipimo vya hayo, lazima kuna mtu yuko nje saa kumi alfajiri, tochi kaing'ata mdomoni, vidole havisikii. Mtu huyo ni mimi. Yeye yuko Moshi hotelini ananitumia ujumbe: "Mmefikia wapi?"

Kila usiku udongo unaota sindano za barafu, unavimba, unasukuma nje vigingi vya ploti, yaani vile vipande vya ardhi tunavyopimia. Asubuhi unavikuta vimelala chini, unaanza kupima upya. Miche nayo inang'olewa hivyo hivyo, na ndilo swali letu lote la utafiti: mche gani unasalimika na kwa nini. Nimepiga magoti kwenye ule udongo mpaka magoti yamesahau kunyooka. Halafu nachuma maua!

Na msinichekeshe kuhusu kuchuma. Mti wa *Dendrosenecio kilimanjari* hauoti kokote duniani ila mlima huu. Majani yake makavu hayadondoki, yanalivika shina koti, na ukiyaondoa baridi inaliumiza. Siku ile moja aliyopanda kwa ajili ya picha, alianza kuyakwanyua kwa mikono yake ili shina litoke safi. Ndani ya ploti yangu! Mchumaji ni nani hapo?

Rasimu ya makala ninayo. Jina langu liko kwenye shukrani, mstari mmoja na dereva. Dereva anastahili shukrani, tena sana, asante kaka. Mimi nilistahili kuwa mwandishi. Posho ya safari ya mwisho haijaingia, mkataba ni wa miezi mitatu mitatu, na mfadhili mmoja akanipigia makofi akidhani nimesifiwa.

Sitaki ushauri. Nataka mjue tu. Binti wa kuchuma maua. Mimi!

Mpwa_wa_Marangu

Pole dada. Ila punguza povu, kwani maua hukuchuma?

Horombo_Juu

Nilichukua VIELELEZO. Kwa kibali, kila kimoja na namba yake, mwinuko wake na tarehe yake, vikakaushwa ndani ya magazeti. Usinichokoze leo.

Mpwa_wa_Marangu

Sawa. Mchuma vielelezo.

Siti_ya_Mbele

Nimekaa hapa na karanga zangu. Mtaje basi, uzi usiokuwa na jina haunogi.

Lobelia_ya_Nanyuki

Dadangu, huku Mlima Kenya nako pimbi wanatafuna lobelia zangu, na Prof anatafuna pesa za fildi. Angalau pimbi hajawahi kunidai ripoti.

Mwani_na_Chumvi

Nyie wa mlimani mnadeka kweli. Mimi natafiti nyasi bahari. Msimamizi wangu anatapika akiona boti, basi ananisimamia kutoka ufukweni kwa kupunga kofia. Juzi kapunga, nikahama ploti nzima, kumbe alikuwa anafukuza nzi!

Erika_Iliyoungua

Mwenye kulia ni mimi. Ploti zangu za erika, vile vichaka vya mlimani, ziliteketea kwenye ule moto wa Kilimanjaro wa Oktoba 2020. Napiga simu nikilia, naambiwa: "Si unaweza kukadiria data zilizobaki?" Nikadirie majivu?

Mwani_na_Chumvi

Uwiii. Wewe umetushinda, chukua kiti.

Mgumu_wa_Kibosho

Samahani wasomi. Hayo magazeti, vigingi na betri vilipanda vyenyewe? Mzigo wa mpagazi kikomo ni kilo 20. Mimi nimebebeshwa betri za mtafiti mpaka shingo ikaingia kifuani, na kwenye kitabu chao hata neno "wapagazi" halipo.

Horombo_Juu

Kaka, nyie niliwaandika wote kwa majina. Mtu yule yule akayafuta, eti yanajaza ukurasa. Huyo huyo aliyesimama leo na kusema binti wa kuchuma maua!

Mgumu_wa_Kibosho

Nakuamini dada. Ila usinianzishe kuhusu bakshishi. Mgeni wa mwezi uliopita kaniachia soksi. Moja.

Mtoto_wa_Rau

Bora soksi. Mimi niliachiwa buti saizi 46, navaa 41. Nikaziuza soko la Memorial hapa Moshi, aliyenunua kanirudishia eti soli imebanduka.

Siti_ya_Mbele

Soli ilibanduka wapi?

Mtoto_wa_Rau

Mandara, kambi ya kwanza tu! Hata Horombo hajafika! Anataka hela yake yote na nauli juu.

Horombo_Juu

Jamani, uzi ni wangu huu. Tulikuwa tunaongelea yale ya ukumbini.

Mgumu_wa_Kibosho

Dada ngoja kidogo. Wewe wa Rau, hizo buti ni za kahawia, kamba nyekundu? Basi mnunuzi ni mdogo wangu, na hela hiyo anataka leo.

Mtoto_wa_Rau

Mwambie aje na hiyo soli.