Mrejesho: wale vijana wa korosho sasa wananipigia wao

Wakuu, mwezi wa tatu niliwauliza: nauza vifungashio Mtwara mjini, vijana wanaoanzisha kampuni za kubangua korosho wananiomba bei, halafu kimya. Wengi mlinijibu niache kutuma orodha za bei, niwafuate walipo. Nikaenda.

Wa kwanza yuko Masasi, anabangulia uani kwa mama yake na kinamama sita. Nilikaa kama saa mbili, mauzo sikuyagusa. Kumbe shida haikuwa bei. Aliogopa kuchapisha mifuko 5,000 wakati bidhaa haijapata alama ya ubora ya TBS, Shirika la Viwango; akiambiwa abadilishe maelezo ya lebo, mzigo wote umekwenda na maji. Nikamwambia asichapishe kitu, achukue mifuko mitupu 200 na stika, na aanzie SIDO, shirika la viwanda vidogo, wampe barua ya utambulisho ya kwenda TBS. Faida ya siku ile haikurudisha hata nauli, mke wangu alinicheka!

Wiki sita baadaye karudi na wenzake wawili, mmoja wa Newala.

Sio wote lakini. Mmoja nilimkopesha, mpaka leo simu hapokei. Mlinionya, nikajifanya sijasikia. Mwingine nilimwambia ukweli kwamba mifuko niliyokuwa nayo inapitisha unyevu, korosho zitalainika. Akanunua kwingine. Juzi kapiga mwenyewe kuuliza kama nimeleta ile mizito yenye foili ndani.

Nimeleta. Kesho napanda basi la asubuhi na sampuli zake.