Mipira yangu ya pointi tatu inafia ringi ya mbele, nisaidieni

Dogo_Saruji: Wakuu habari za jioni. Nina miaka 22, urefu 1.78, nacheza kikapu mtaani. Karibu na ringi nafunga vizuri tu. Nikirudi nyuma ya mstari wa tatu, mpira unagonga chuma cha mbele na kunirudia. Nimepiga pushapu mwezi mzima, kifua kimetuna, mpira bado mfupi. Robo ya nne ndiyo kabisa! Nifanyeje?

Mzee wa Ringi: Pushapu za nini, mdogo wangu? Mpira unarushwa na miguu, mkono unamalizia. Ukisukuma ardhi, nguvu inapanda magotini, nyonga, bega, kiwiko, inatokea vidoleni. Ndiyo maana robo ya nne unaumbuka: miguu imechoka. Hebu sema, unaachia ukiwa unapanda au umeshafika juu?

Dogo_Saruji: Nasubiri nifike juu kabisa, naning'inia kidogo, ndiyo naachia.

Mzee wa Ringi: Basi ugonjwa ni huo. Kule juu mwili umeshasimama, nguvu ya miguu imekwisha, umebaki na mkono mtupu. Kwa mita mbili tatu unatosha. Kwa mita 6.75 za mstari wa tatu hautoshi. Achia ukiwa bado unapanda kidogo. Mlinzi mrefu atakusumbua zaidi, hilo nakubali, lakini mpira utafika.

Mla_Benchi: Mbona Shaquille O'Neal, lile jitu la NBA, alikuwa na miguu kama nguzo na mitupo huru hakufikisha hata 53%? 😂

Mzee wa Ringi: Yeye mpira kufika ulikuwa unafika, shida ilikuwa shabaha.

FundiNyavu: Niongezee. Mpira ukiwa mfupi, wengi wanausukuma mbele badala ya juu, unakwenda bapa. Ringi ina upana wa sm 45, mpira kama sm 24. Ukishuka kwa nyuzi 45, mpira "unaona" uwazi wa kama sm 32. Ukishuka kwa nyuzi 30, uwazi ni sm 22.5, yaani lazima uguse chuma. Kiwiko kiishie usawa wa macho au juu yake, kiganja kilale mbele, mpira uzunguke kurudi nyuma. Na kidole gumba cha mkono wa kushikilia kisisukume.

Dogo_Saruji: Mrejesho: leo asubuhi nimeachia mapema kama mlivyosema. Sasa inagonga chuma cha nyuma 😅

Mzee wa Ringi: Safi sana, nguvu sasa ipo, bado kipimo. Anza hatua mbili ndani ya mstari, urudi nyuma taratibu.