Nilimpa fundi saa aoshe mashine tu, amenirudishia saa ya mtu mwingine

Wakuu, nina hasira hadi mikono inatetemeka, kwa hiyo mnivumilie nikikosea herufi.

Saa ni Omega ya kutia ufunguo, marehemu baba aliinunua 1968. Ilikuwa inachelewa karibu dakika kumi kwa siku, na hilo si ajabu kwa saa ambayo haijafunguliwa miaka mingi: mafuta yanakauka yanakuwa gundi, kamani (ile springi inayoiendesha) inachoka, mpira wa kuzuia maji unakuwa mgumu kama kucha. Nikaipeleka kwa fundi. Nikamwambia kwa mdomo wangu, tena mara mbili: osha mashine, tia mafuta, badilisha kamani na mpira, basi. Uso usiguse. Kasha usiguse. Akaitikia "sawa bosi" bila hata kuinua macho. Ningekuwa na akili ningeondoka na saa yangu palepale.

Leo nimeifuata. Inang'aa kama sufuria mpya. Uso uliokuwa umegeuka rangi ya chai ya maziwa umepakwa upya, mweupe pe. Chini penye sita palikuwa na maandishi membamba kama unywele, T SWISS MADE T. Sasa yamenenepa, D imegusana na E, na T ya kulia imepanda juu kidogo kuliko mwenzake. Hizo T mbili si urembo jamani. Zinasema rangi ya kuwaka gizani ni ya tritiamu, kitu cha mionzi kinachoifanya iwake, na tritiamu hupungua nusu kila baada ya miaka 12 na kidogo, kwa hiyo uso wa 1968 leo hii ulipaswa kuwa giza totoro. Huu wangu tangu jioni unawaka kijani kama jicho la paka, na T zake ziko palepale. Yaani amenichorea uongo halafu akaupigia muhuri.

Kioo cha zamani kilikuwa na alama ndogo ya Omega katikati, huioni mpaka ukiinamishe. Hiki kipya hakina kitu.

Kasha ndilo linaloniuma zaidi. Masikio yake, pale mkanda unaposhikia, yalikuwa na kingo kali, ukipitisha kidole unazisikia. Ameyasaga mpaka yamekuwa mviringo kama sabuni iliyotumika nusu. Uso ukipakwa vibaya unaweza kutafuta mwingine, lakini chuma kilichosagwa kimekwenda na vumbi. Na kwenye mfuniko wa nyuma baba alikwaruza herufi mbili za jina lake kwa ncha ya msumari, vibaya vibaya, mstari mmoja uliteleza. Nimeuinamisha kwenye taa kila upande. Hazipo.

Ile Rolex Daytona ya Paul Newman, yule mwigizaji wa Marekani, iliyopigwa mnada New York mwaka 2017 kwa dola milioni 17.75, mfuniko wake una maneno ya kuchonga kutoka kwa mkewe, akimsihi aendeshe gari kwa uangalifu. Ingepita kwenye meza ya huyu bwana angeyafuta, kisha akadai hela ya msasa. Maana mimi amenidai! Kazi ya ziada, anaiita.

Na msije mkaniambia "lakini si imependeza". Mwenye saa yake akitaka ing'ae ni haki yake, aipake hata zambarau. Wala sisemi kila kikuukuu kiachwe kilivyo. Mashine isiyo na mafuta inajila yenyewe. Zile saa za zamani zaidi zenye rangi ya radiamu, nayo ya mionzi, ni habari nyingine kabisa: rangi inaweza kuacha kuwaka lakini radiamu yenyewe huchukua miaka 1,600 kupungua nusu, na vumbi lake si la kuvuta puani. Ingekuwa hivyo ningemwelewa. Angeniuliza, tungezungumza. Namba yangu ya simu anayo.

Nikamwomba basi anirudishie vya zamani, walau mishale, maana nayo kaibadilisha. Kioo alishakitupa. Kwa mishale akavuta droo, akanisogezea kikopo kimejaa mishale ya saa za watu, mirefu kwa mifupi, akasema, "Chagua yako."